Kumshushia Mkwe Gari

Gari langu nililinyanyua mwenyewe, enzi nilipokuwa nazunguka vijijini kuwahimiza watu wapande mahindi kwa mstari. Mimi ni bwana shamba. Gari ni fobai ya zamani, namba A, na wenye magari mapya ya namba E wakinipita pale mjini Songea hunitazama kwa huruma. Nawaacha, maana mvua ikianza ndipo tunapojuana. Barabara ya Lusewa ndiyo iliyonifundisha. Mara ya tatu gari lilipolala tumbo juu ya tuta la katikati, magurudumu yakizunguka bure na mimi nimekaa ndani natukana peke yangu, nikasema basi. Nikafunga springi ndefu, juu ya springi nikaweka spesa, nikavisha na tairi kubwa. Mke wangu alipoliona alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Umeleta ghorofa," akasema. "Na mimi na sketi yangu nitapandia wapi?"

Alipanda. Miaka sita alipanda na sketi yake, na kila siku alinung'unika, na mimi kila siku nilimwambia atafute mume mwenye gari fupi.

Amefariki. Kichwa kilimuuma Jumamosi, Jumanne tukamzika Mpitimbi kwao, kwa sababu mama yake aliomba na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Hatukujaliwa mtoto. Ndugu zangu waliosafiri kutoka Musoma walinitazama msibani wakanong'onezana kwamba huu ni mshtuko, atalia baadaye. Wa hapa walisema mwanaume ana moyo wa jiwe huyu. Jiwe gani? Mimi nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake: anauona ni wa kwake, anaufinya, hausikii kitu. Nilikula nilipopewa chakula. Nilikwenda kazini. Niliwakaripia watu, maana hasira ndiyo peke yake iliyobaki inafanya kazi mwilini mwangu. Miezi ikapita hivyo na sikuihesabu.

Akabaki mama mkwe.

Mama mkwe wangu ana sukari, na sukari ilimletea kidonda kwenye mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba. Zahanati ya kijijini wanaosha na kufunga, lakini kile kidonda kilihitaji daktari wa mjini akikague na kuondoa nyama iliyokufa, kila Jumanne bila kukosa. Daktari alisema mbele yetu wote, mke wangu akiwa bado hai, na alisema kwa Kiswahili chepesi ili mama mwenyewe asikie: mkija kila wiki, mguu huu tutauponya. Mkianza kuruka, wiki hii mvua, wiki ile shamba, tutakuja kuzungumza habari ya kukata. Mama akajibu kwamba amesikia. Njiani kurudi akasema, akimwambia binti yake, kwamba mtu akikatwa mguu hazikwi mzima, na kwamba yeye anataka kuzikwa mzima. Basi kazi ikawa hiyo. Kila Jumanne nitoke mjini asubuhi, niende Mpitimbi, nimlete, nimrudishe.

Hapo utaniuliza, si ungemchukua akae kwako mjini? Utakuwa hujui wakwe wa aina yake. Siku hizi wengi wameacha, wanakumbatiana na wakwe zao harusini na kupiga picha. Mama mkwe wangu hakuwa wa hao. Halali kwenye nyumba ya mume wa binti yake. Hanipi mkono. Sijawahi kumwona akitafuna kitu, wala yeye hajaniona. Nikifika, nachuchumaa mbali, nasema shikamoo mama, naye anageuka pembeni kidogo na kuitikia, marahaba baba. Baada ya hapo maneno yote yanapitia kwa mtu mwingine. Tumekaa hatua nne, namsikia na ananisikia, lakini atasema, "Mwambie mumeo chai iko tayari," na mke wangu ananigeukia na kuniambia chai iko tayari, na mimi nasema, "Mwambie mama nashukuru." Mimi mtu wa Mara, nimezoea kusema jambo likiwa bado mdomoni linafuka moshi. Miaka ya mwanzo nilidhani nitapasuka. Baadaye nikaizoea ile heshima, nikaipenda hata. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye sikuwahi kumfokea.

Na kugusana, hilo ndilo usilitaje kabisa.

Sasa lile ghorofa langu. Mke wangu alipokuwepo, alikuwa na mbinu yake. Anamwambia mama ashike mshikio wa juu ya mlango, aweke mguu mzima kwanza, halafu yeye anaingiza bega chini ya makalio ya mama yake na kusukuma kama anayepandisha gunia kwenye lori. Mama anapiga kelele, "Taratibu wewe!" Binti anacheka. Mimi wakati huo nimesimama upande wa pili, nimewapa mgongo, najifanya naangalia tairi. Nilizijua tairi zile vizuri sana.

Baada ya msiba alibaki binti wa mama mdogo wa mke wangu, akawa anaishi pale kwa mama mkwe na kumpandisha kila Jumanne kama alivyokuwa akipandishwa na marehemu. Mungu ambariki. Lakini alikuwa mjamzito, mimba ikaanza kumsumbua, akarudi kwa mumewe Mbinga mvua za kwanza zilipoanza. Nyumbani akabaki mama mkwe na kaka yake, mzee mkongwe anayetembelea fimbo na kusikia nusu ya anachoambiwa. Majirani wote walikuwa mashambani tangu alfajiri. Bodaboda ndiyo usiseme. Mama yule apande bodaboda apanue miguu nyuma ya kijana? Labda parapanda ilie kwanza. Na bajaji kwenye matope yale haziingii.

Jumanne ya kwanza bila yule binti nilikwenda na kigoda. Nilikiweka chini ya mlango wa nyuma, nikarudi upande wangu, nikawapa mgongo. Nikamsikia anapanda kigoda. Nikasikia anahema. Halafu nikasikia kigoda kinakwaruza, na kabla akili haijafika, mwili ulishafika: nilizunguka gari, nikamdaka. Mkono mmoja kiunoni, mmoja kwapani. Alikuwa ananukia moshi wa kuni na sabuni ya kipande. Tulikaa hivyo pengine kwa muda wa kusema amina.

Nilipomwachia alijirekebisha kitenge, akaokota kandambili yake, akachechemea hadi ndani na kufunga mlango. Nikabaki nimesimama na kigoda. Mzee alitoka baada ya muda, akasimama mbele yangu na kusema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, "Anasema amepona!"

"Amepona nini?"

"Amepona! Kidonda kimekauka! Anasema usisumbuke tena, baba!"

"Mwambie kidonda hakikauki kwa wiki moja."

Mzee akageukia mlango uliofungwa na kupiga kelele, "Anasema amekauka kwa wiki moja!"

Nilirudi mjini peke yangu. Sikukasirika, na hilo lilinishangaza. Nilikuwa naendesha huku nikijua kitu kimoja tu, bila kukisikia: yule mama angekaa mle ndani na kuoza mguu kuliko kudakwa tena na mimi. Na ni mama wa mke wangu. Na hakuna mtu mwingine.

Jumanne iliyofuata nilikwenda, mlango haukufunguliwa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, kavaa soksi mguu ule mmoja, joto lote lile. Nikachuchumaa, shikamoo mama, marahaba baba, basi. Nikakaa na mzee tukatazamana. Mama alipokwenda bustanini kuchuma mboga, nikasimama nikaenda kwenye mlango wa jiko lake. Pale kuna kizingiti cha tofali ambacho anakivuka kutwa nzima, na mguu wake mbovu, bila kushikwa na mtu. Nikachukua fito, nikaisimamisha chini, nikaikata alama kwa kisu pale kizingiti kilipoishia. Mzee akaniuliza napima nini. Nikamwambia napima urefu. Akaridhika.

Ndivyo nilivyoamua kulishusha gari.

Gereji ninayoiamini iko Msamala. Fundi wa pale ni mtu mnene, mcheshi, Mngoni wa hapa hapa, ambaye hajawahi kumaliza kazi siku aliyosema, wala hajawahi kuiharibu. Nilimpa ile fito. Nikamwambia, "Nataka ukanyagio wa mlango wa nyuma uje hapa kwenye alama."

Aliitazama fito, akalitazama gari, akatazama mvua iliyokuwa inanyesha juu ya bati. "Bwana shamba," akasema, "watu sasa hivi wanakuja ninyanyue. Wewe unashusha? Masika haya?"

"Shusha."

"Ama umepata mchumba? Maana hawa vijana wanaoshusha magari wote wana lao." Akacheka, mafundi wenzake wakacheka. "Mzee wetu anataka kuwa bishoo!"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja: mama mkwe wangu hawezi kupanda na mimi siwezi kumshika. Mngoni yeyote angeielewa kabla sijaimaliza. Lakini nitamtajaje mama yule, makalio yake na mguu wake, mbele ya wanaume walioshika spana na kucheka? Nikaona ni kumvua nguo mbele ya gereji nzima. Nikasema, "Fanya nilichokuambia, uache umbea." Nikaondoka.

Fundi akafanya kama alivyodhani nataka. Alitoa spesa, hilo sawa. Halafu akachukua grenda akakata springi zenyewe, mizunguko miwili mbele, miwili nyuma, kama anavyowakatia vijana wa mjini. Nilipokwenda kulichukua, siku tisa baada ya ile aliyoniahidi, gari lilikuwa limekaa chini kama bata anayeatamia. Ukanyagio ulikuwa chini ya alama. Nikawasha, nikatoka getini. Kwenye shimo la kwanza tairi zikasaga bodi kwa kishindo. Kwenye shimo la pili, kule nyuma kukagonga chuma kwa chuma mpaka meno yangu yakagongana. Springi zilizokatwa zilikuwa hazikai kwenye vikombe vyake, na shokapu zilikuwa zile zile ndefu za mwanzo. Kwa gari lile usingefika hata njia panda ya Mpitimbi, sembuse Mpitimbi kwenyewe na mgonjwa ndani.

Nikarudi kinyumenyume mpaka ndani ya gereji. Nilichokisema siwezi kukiandika hapa. Nilimtukana fundi, nikamtukana aliyemfundisha, nikaitukana grenda. Nilipiga teke ndoo ya oili chafu ikamwagika.  Fundi alisubiri nihemewe, akavuta benchi, akaniambia nikae.

"Hukuja kwa ajili ya ubishoo," akasema.

"Mama mkwe wangu," nikasema. "Ana kidonda. Hawezi kupanda. Mwenye kumpandisha nilimzika."

Fundi akauma mdomo. Alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. Kisha akasema kwa upole ambao ulinikera kuliko kicheko, "Ungesema, baba. Mficha uchi hazai. Ungesema siku ile ile, ningekufungia springi zake za kiwandani na ngazi ya pembeni, ukaondoka siku hiyo hiyo. Zile ndefu zako ningeziweka stoo. Sasa nimekata, na za kiwandani za gari hili nilizokuwa nazo nimemfungia mwalimu mmoja wa Namtumbo wiki iliyopita."

"Kwa hiyo?"

"Tunaagiza."

Tukaagiza Dar. Springi zikaja na basi, zikaja za gari jingine. Zikarudishwa. Zikaja tena, mbele sawa, nyuma fupi. Fundi sasa alikuwa anafanya kazi kama anayemtibu mzazi wake, anapiga simu mwenyewe, anagombana na watu wa mizigo mwenyewe. Alichomelea ngazi za bomba pande zote mbili, akazifunga raba juu ili mguu usiteleze, akafunga na mshikio mwingine chini ya ule wa zamani, saizi ya mkono wa mama mfupi. Kila kitu alikipima kwa ile fito. Wenzake wakipita hawakutania tena. Nami nilikuwa nakaa kwenye lile benchi jioni baada ya kazi, natazama gari langu likiwa juu ya mawe, halina miguu, na sifikirii kitu.

Jumanne zilikuwa zinapita. Nilizijua, usidhani sikuzijua. Nilipanda basi la kijijini mara mbili kwenda kumwona, mara mbili mzee akanipigia kelele kwamba amepona. Mara ya pili niliisikia harufu. Nilikuwa nimechuchumaa mbali kama kawaida, upepo ukageuka, nikaisikia. Ningeweza kusimama pale pale na kugonga nyumba hadi nyumba, niseme jamani, mama mmoja aache jembe kesho aje anipandishie mkwe wangu kwenye gari lolote. Wangekuja kumi. Sikugonga. Nilijiambia springi zinafika Alhamisi.

Kwa jumla zilikuwa wiki tano.

Siku nilipolichukua, gari lilikuwa limekaa vizuri ajabu. Tairi za kawaida, springi za kawaida, halipigi kelele, haliyumbi. Fundi alisimamisha fito chini ya mlango wa nyuma, alama na ngazi vikawa sawasawa. "Nenda sasa hivi," akaniambia. "Usipite nyumbani." Sikupita. Nilikwenda Mpitimbi polepole nikiyakwepa matuta, na mara mbili tumbo la gari lilisugua udongo, nikatukana kwa mazoea.

Nililiegesha mbele ya nyumba, nikafungua mlango wa nyuma, nikaenda kusimama mbali, kwenye migomba, nimewapa mgongo. Mzee nikamwambia, "Mwambie mama gari limeshushwa. Ni kama kizingiti cha jikoni kwake." Safari hii alisikia vizuri na kusema vilevile nilivyosema.

 Nikasikia kandambili, moja inakanyaga, moja inaburuta. Nikasikia zimesimama. Nikasikia raba ya ngazi inalia kidogo, kiti kinabonyea, na sauti yake ikisema, si kwa mzee, maana mzee alikuwa huku pamoja nami, "Eeh. Kumbe."

Alipanda mwenyewe. Natamani ningekuambia kwamba nilifurahi. Nilijua tu kwamba ilitakiwa nifurahi, kama unavyojua kwamba kuna simu umeahidi kuipiga.

Hospitali, daktari aliivua soksi, akairudisha haraka. Hakutugombeza. Alisema vidole vyote vimekufa, na uchafu umepanda. Wakikata vidole peke yake watarudi kukata tena, kwa hiyo ni chini ya goti, na ni kesho asubuhi. Mama aliuliza swali moja, na aliniuliza mimi. Ndiyo, mimi, usoni, miaka yote ile kwa mara ya kwanza. "Baba, hakuna namna?" Nikasema, "Hakuna, mama. Nimechelewa." Akatikisa kichwa, akasema, "Tumechelewa." Kisha akageukia ukutani.

Yule binti wa Mbinga alikuja kumuuguza, tumbo limeshakuwa kubwa, analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mimi nilikuwa naleta uji asubuhi na kuuacha mlangoni mwa wodi. Kila siku nilikaa ndani ya gari nje ya hospitali, kwenye springi zangu mpya, kwa nusu saa au zaidi, halafu naenda kazini. Nilisubiri nisikie kitu. Majuto, aibu, chochote. Nilikuwa najua kwamba nimemkatisha mguu mtu kwa kuona haya kutaja mguu. Najua mpaka leo. Lakini kujua ni kitu kingine.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alimsukuma mama kwa kiti cha magurudumu mpaka kando ya gari. Alikuwa binti mdogo, mgeni, nadhani wa Kilimanjaro, na alikuwa na haraka, maana kiti kile kilikuwa kinasubiriwa wodini. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa nyuma. Mama akaitazama ngazi. Ile ngazi ilikuwa ya mtu mwenye miguu miwili: unasimama na mmoja, unapandisha mwingine. Sikuwahi kuliwaza hilo. Siku zote nilizokaa mle ndani ya gari, sikuwahi.

Yule binti mjamzito akaingiza mikono kwapani mwa mama ajaribu, muuguzi akamzuia. "Dada, utajiua wewe." Akanigeukia. "Baba, si umbebe tu? Mama yako huyu."

 Nikaangalia tairi.

"Nipe khanga," mama akasema.

Yule binti akavua khanga yake ya begani akampa. Mama akaikunjua, akajifunika kichwa na uso wote, akaichomeka vizuri pembeni, ikawa hakuna anayemwona wala yeye haoni mtu. Kutoka mle ndani akasema, "Baba, njoo. Usiniangushe tu."

Nikaenda. Niligeuza uso wangu upande, kuelekea ukuta wa hospitali, nikapitisha mkono mmoja mgongoni na mmoja chini ya mapaja, nikamnyanyua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa mtu, nikakuta hamna kitu, uzito wa debe moja la mahindi labda. Upande wa kushoto mkono wangu ulifika mahali ambapo mguu unaishia, ukashika bandeji. Akanizungushia mikono shingoni kwa sababu mtu akibebwa hana pengine pa kuweka mikono. Na chini ya khanga akaanza kulia. Alikuwa anamwita mwanawe, anamwambia, njoo uone, njoo umwone mumeo.

Kilichonipata sikukiita.  Nilisikia sauti ya ajabu, nikashangaa ni nani, kumbe ni mimi, mwanaume mzima, nimembeba mama mkwe wangu mbele ya wagonjwa wa nje, nalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na iliniuma, jamani, iliniuma kila mahali kwa mpigo mmoja, mke wangu amekufa, mke wangu hayupo, na mguu wa mama yake nimeuzembea. Mlango ulikuwa wazi, kiti kiko pale, hatua moja tu. Sikumweka. Nilisimama nimemshika, naye amenishika.

"Shemeji," yule binti akaniambia taratibu, akinigusa kiwiko. "Mweke sasa. Watu wanaangalia."

Nikamwambia waangalie.